Kihispania: decir (kusema) kina sura nyingi mno, nianzie wapi?

Kalamu_Kavu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Najisomea Kihispania, nimefika ngazi ya B1, yaani ya kati, na lengo ni kufanya DELE, mtihani wa cheti cha Kihispania. Vitenzi vya kawaida havinipi shida: hablar, comer, vivir vinakwenda vyenyewe. Hata ser na ir, pamoja na ukorofi wao, nimeshavizoea kwa sababu kila ukurasa vipo. Kinachonitoa jasho ni decir.

Nimekinakili kwenye daftari katika nyakati zote na nafsi zote sita. Nikitazama ukurasa huo naona digo, dices, decimos, dije, diré, dicho, ni kama watu wa koo mbalimbali waliokusanywa wapigwe picha ya familia moja. Asubuhi nakariri, jioni nikijiuliza "tungesema" ni nini naanza kupapasa.

Swali langu: je, kuna mantiki yoyote humo ndani, au ni kumeza tu jedwali zima? Naomba pia mnikagulie sentensi hizi. Nimeweka Kiswahili kwanza ili mwone nilichokusudia.

Waliniambia ukweli: "Me dijieron la verdad."

Ungeniambia ukweli, ningekusaidia: "Si me dirías la verdad, te ayudaría."

Barua ilisema mkutano ni Jumatatu: "La carta dijo que la reunión era el lunes."

Alisema atakuja (lakini hakuja): "Dijo que vendrá."

Mama aliniambia nije mapema: "Mamá me dijo que vengo temprano."

Programu ninayotumia kusahihishia imepiga mstari mwekundu kwenye mbili za kwanza, sababu haisemi. Hizo tatu za mwisho imezipitisha, ila nafsi yangu haijatulia.

Fundi_Saa alijibu:

Mkuu, meza tu. Mimi nilikiimba decir kama watoto wanavyoimba alfabeti, digo dices dice decimos decís dicen, kila wakati na ubeti wake, mpaka kikakaa. Hakuna mantiki ya kutafuta kwenye kitenzi kisicho cha kawaida, ndiyo maana kikaitwa hivyo.

Sentensi ya kwanza: hakuna dijieron. Ni dijeron. Sawa na trajeron na condujeron. Hizo nyingine wajuzi watakuja.

Bi_Mkalimani alijibu:

Mdogo wangu Kalamu_Kavu, la dijeron Fundi_Saa amekujibu vyema. Hilo la kuimba silikubali. Wimbo hukupa maumbo kwa foleni, na mtu unayezungumza naye hafuati foleni. Siku utakapohitaji dijéramos ghafla, itabidi uuanze ubeti kimoyomoyo huku mwenzako amekukodolea macho. Nimefanya ukalimani wa mikutano miaka mingi, na kama kuna kitenzi ambacho hakikwepeki kibandani ni hiki. Kila mjumbe akipewa nafasi anaeleza mwenzake alisema nini, angepaswa kusema nini, na nani alimwambia nani aseme.

Funga daftari kwanza. Decir kina mashina manne tu, na kila shina lina himaya yake.

Shina la kwanza ni dec-. Hili ni la kawaida kabisa. Linashika imperfecto yote, ule uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea (decía, decías, decíamos, decían), linashika decimos na decís za wakati uliopo, na decid ya kuwaamuru wengi. Anayejua comía anajua decía, hana cha kuongeza.

Shina la pili ni dic- pamoja na pacha wake dig-. Hapa ndipo Fundi_Saa anaposema hakuna mantiki, nami nasema ipo, tena ya kusikika kwa masikio. Katika Kilatini "nasema" ilikuwa dico na "anasema" ilikuwa dicit, na hiyo c ilitamkwa k kote kote. Karne zilivyokwenda, k iliyofuatwa na o au a ikalegea ikawa g. Iliyofuatwa na e au i ikalainika, ikawa sauti unayoisikia leo kwenye dice. Basi we tazama irabu inayofuata. Ikiwa o au a, ni g: digo, diga, digamos, digan. Ikiwa e au i, ni c: dices, dice, dicen, diciendo. Viishio vyote vya subjuntivo ya sasa (sura ya maagizo na matakwa) vya kitenzi hiki huanza na a, ndiyo maana subjuntivo nzima ina g bila ubaguzi. Hacer kinakwenda hivyo hivyo: haces na hace upande mmoja, hago na haga upande wa pili.

Na ile i inayochukua nafasi ya e? Kwenye wakati uliopo fuata mkazo. Dices, dicen: mkazo uko kwenye shina, unapata i. Decimos: mkazo umehamia kwenye kiishio, e inarudi. Pedir hufanya vivyo hivyo, pido lakini pedimos. Subjuntivo yenyewe imeamua kubaki na i kila mahali, digamos kama pidamos, kwa hiyo hapo mkazo haukusaidii kitu.

Shina la tatu ni dij-, la indefinido, ule uliopita wa tukio lililokwisha: dije, dijiste, dijo, dijimos, dijisteis, dijeron. Kuna jambo moja la masikio ambalo vitabu hulitaja harakaharaka. Habló na comió mkazo wake uko mwishoni, lakini dijo mkazo uko mwanzoni, na dije pia, kwa hiyo hakuna alama ya kuandika. Wanaosoma Kihispania kwa macho tu huja kutamka "dijó". Lisikilize, usilisome tu.

Hiyo j inatoka wapi? Kilatini kilisema dixi, "nilisema". Ukifungua vitabu vya kale vya Kihispania utakuta dixe na dixo zimeandikwa kwa x. Akademia ya Kihispania, RAE, ilipotengeneza upya tahajia mwaka 1815 ndipo x ya sauti ile ikageuzwa kuwa j, dixo ikawa dijo. México wameishikilia x yao mpaka leo wakiitamka kama j.

Kuhusu dijeron: i humezwa baada ya j hii, hivyo trajeron, condujeron, tradujeron, produjeron. Lakini usiichukue kanuni hiyo ukaipeleka kwa tejer, kufuma, au coger. Hivyo ni vya kawaida: tejieron, cogieron. Sauti ile wao wanayo tangu kwenye infinitivo, umbo la msingi la kitenzi. Kinachomeza i ni j iliyozaliwa ndani ya indefinido.

Ukishapata dijeron umepata wakati mwingine bure. Ondoa -ron, weka -ra: dijera, dijeras, dijera, dijéramos, dijerais, dijeran. Hiyo ndiyo subjuntivo ya uliopita, na kanuni hii haina kitenzi kinachoikaidi, hata ser mwenye vituko: fueron, fuera. Ipo na sura ya -se, dijese, maana ile ile. Itambue ukiisoma, kuitumia ni hiari yako.

Shina la nne ni dir-, la futuro, yaani wakati ujao: diré, dirás, dirá, diremos, diréis, dirán, na condicional yake diría, dirías, diría, diríamos, diríais, dirían. Hiyo "tungesema" uliyokuwa unaipapasa jioni ni diríamos. Viishio vya futuro si kitu kipya, ni kitenzi kisaidizi haber cha wakati uliopo kilichogandishwa nyuma: he, has, ha, hemos, habéis, han. Katika Kihispania cha zama za kati viliweza kutengana hata kiwakilishi kikapita katikati, decir lo he, yaani nitalisema. Kwa kutumika sana, decir ndani ya futuro kikachakaa kikabaki dir-. Tusiwacheke. -ta- yetu yenyewe ni -taka- iliyokatwa mkia, na ukisema "atakayesema" inatokea nzima mbele za watu.

Vitenzi vinavyochakaa hivyo kwenye futuro ni 12, ukiacha watoto wao: caber, decir, haber, hacer, poder, poner, querer, saber, salir, tener, valer, venir. Ukimjua mmoja kwenye futuro umemjua kwenye condicional, shina ni lile lile daima.

Vimebaki vipande viwili visivyo na himaya. Dicho, "iliyosemwa", imetoka kwenye dictum ya Kilatini. Kt ya zamani ikawa ch, kama factum ilivyozaa hecho na octo ikazaa ocho. Na amri ya mtu mmoja ni di, fupi kuliko zote. Ukiongeza viwakilishi nyuma yake angalia mkazo usihame: dime, dile hazina alama, lakini dímelo na díselo zinayo, kwa sababu neno limerefuka na sauti bado iko palepale kwenye di.

Nyakati za kuunganisha sizigusi. He dicho, había dicho, habré dicho, habría dicho: kinachobadilika ni haber, dicho imekaa kimya.

Sasa tuje kwenye sentensi zako, maana hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mashina yamekuangusha mara moja tu, kwenye dijieron. Nne zilizobaki umezifikiri kwa -nge-, -li-, -ta- na -e, ukazivalisha nguo za Kihispania. Ungemeza jedwali lote usiku mmoja, bado ungeziandika vilevile.

"Ungeniambia, ningekusaidia." Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, nawe umeweka condicional pande zote mbili. Kihispania kinagawa. Upande wa si, ile "kama", unakaa dijera. Upande wa matokeo unakaa condicional. "Si me dijeras la verdad, te ayudaría." Kwa hiyo -nge- yetu ina tafsiri mbili, na kinachoamua ni upande ipo. Ukifika Burgos au nchi ya Wabaski utawasikia wenyeji wakisema "si me dirías", ni lahaja yao na hawaombi radhi, lakini msahihishaji wa mtihani hatakuelewa hivyo. Na ikiwa jambo limeshapita, ungaliniambia, ningalikusaidia, mgawanyo ni ule ule: "Si me hubieras dicho la verdad, te habría ayudado."

"Barua ilisema." Hii programu yako imeipitisha kwa sababu kila neno peke yake ni sahihi. -li- inatosha kwetu kwa tukio na kwa hali. Kihispania kinauliza: ni kitendo kilichotokea kikaisha, au ni jambo lililokuwa likiendelea kuwepo? Maandishi hayasemi mara moja yakanyamaza. Yapo pale, kila ukitazama yanasema. Kwa hiyo "La carta decía que la reunión era el lunes." Kibao, gazeti, ujumbe wa simu, vyote ukivisimulia kwa wakati uliopita, decía. Na kwa binadamu: "alisema" ya mara moja ni dijo, "alisema kila tulipokutana", "alizoea kusema", "kama nilivyokuwa nikikuambia" zote ni za familia ya decía. Como te decía utaisikia mpaka uichoke.

"Alisema atakuja." Sisi tunayaacha maneno ya msemaji yalivyotoka kinywani mwake. Alisema "nitakuja", nasi tunabadili nafsi tu, -ta- haiguswi. Kihispania kinayavuta nyuma yafuatane na dijo: "Dijo que vendría." Ukiandika "Dijo que vendrá" si kosa la sarufi, lakini msomaji ataelewa kwamba bado anasubiriwa, naye wewe umesema hakuja.

"Aliniambia nije mapema." Hapa Kiswahili kilikuwa kimekupa jibu mkononi ukalitupa. Tazama: "anasema anakuja" ni habari, dice que viene. "Anasema uje" ni agizo, dice que vengas. Kitenzi ni kimoja, kusema, na kinachogeuza habari kuwa agizo ni -e yetu, kule ni subjuntivo. Mgawanyo ni ule ule! Watu wengine huteseka miaka na subjuntivo kwa sababu lugha zao hazina kitu cha kuilinganisha nacho. Sisi tumezaliwa nayo: niseme, useme, aseme, tuseme. Sasa jambo moja la kuongeza. -e yetu haijali wakati: "ananiambia nije", "aliniambia nije", nije haitikisiki. Kihispania kinajali. Me dice que venga, lakini me dijo que viniera. Sentensi yako basi: "Mamá me dijo que viniera temprano."

Ukiisikia -e kichwani kabla hujafungua mdomo, umeshajua ni subjuntivo. Halafu angalia kitenzi kilichotangulia kiko wakati gani. Hatua mbili, basi.

Che_Pampa alijibu:

Bi Mkalimani ameshamaliza shamba, mimi naokota masazo.

Kihispania changu nimekipata kwa Waargentina, watangazaji wa mpira na vipindi vyao vya redio, kwa hiyo naongeza ya upande huo. Kule kwa "wewe" hakuna tú, kuna vos, na umbo lake ni decís: vos decís. Amri ni decí, na ukiweka kiwakilishi inakuwa decime, decile. Mara ya kwanza nilidhani mtangazaji anakosea dime. Hakosei hata kidogo, ndiyo Kihispania chao rasmi, shuleni na serikalini.

Vosotros, yaani ninyi, katika Amerika ya Kihispania haitumiki kwenye mazungumzo, wote ni ustedes. Maana yake dijisteis, diréis, digáis kule hutazisikia. Lakini kama mtihani wako una sauti za Wahispania, usizitupe.

La pili ni -me-. Wahispania wengi wakimaanisha jambo la leo hii husema "¿Qué has dicho?", umesema nini. Mmexico au Mwargentina kwa jambo hilo hilo atasema "¿Qué dijiste?" Usiyatenganishe kwa ukali, wanaelewana. Ila ukijifunza kutoka pande zote mbili kwa mkupuo, kama mimi, utachanganya ndani ya sentensi moja, na mtihanini ni heri ushike upande mmoja.

Utasikia pia wenyeji wakisema dijistes, yenye s mwishoni. Wanaifananisha na dices, dirás, decías, ambazo zote nafsi ya pili ina s. Inaeleweka kabisa wanakotoka, lakini usiiandike.

Na simu ya Mhispania ikipokelewa kwa "¿Diga?" au "¿Dígame?", hiyo ndiyo subjuntivo yako inafanya kazi ya amri ya heshima. Mmexico ataanza na "¿Bueno?", kwa hiyo usisubiri diga kwake.

Kalamu_Kavu aliandika:

Shikamoo Bi Mkalimani, na asante wakuu wote. Mtu hajawahi kuniambia kwamba -e ndiyo subjuntivo. Nimejaribu moja: "Me dijo que te lo dijera", aliniambia nikuambie. Nadhani imekaa?

Nina mawili ya nyongeza. Vitenzi kama bendecir, maldecir, predecir, contradecir, vyote vina decir ndani. Nivipeleke kwa mashina yale yale manne? Maana nimeona mahali bendeciré, si "bendiré", nikadhani ni kosa la uchapaji.

Na la pili, kwenye habari moja nimekuta "el qué dirán". Futuro yenye el mbele yake?

Bi_Mkalimani alijibu:

Marahaba. "Me dijo que te lo dijera" imekaa, tena ina dijo na dijera kwa pamoja.

Bendeciré si kosa la uchapaji. Watoto wa decir wamerithi nusu ya tabia za mzazi. Wakati uliopo wanafanana: bendigo, bendices, maldigo, predigo. Indefinido wanafanana: bendije, maldijeron, predijo. Subjuntivo zote mbili, sawa: bendiga, bendijera. Wanapoachana na mzazi ni sehemu tatu.

Futuro na condicional: bendecir na maldecir hazikuchakaa, zinabaki nzima, bendeciré, maldeciría. Nadhani ni kwa sababu si maneno ya kila dakika. Decir kinatumika kutwa kucha, kimekatika. Baraka na laana zinatolewa mara mojamoja, zimebaki na mwili wao. Predecir na contradecir ziko njia panda: predeciré na prediré zote zinakubalika, contradeciré na contradiré vilevile. Siku hizi sura ndefu ndiyo inayoandikwa zaidi, nawe andika hiyo.

Amri: mzazi ni di, watoto wote ni -dice. Bendice, predice, contradice. Usimwambie mtu "bendí" ukidhani unafuata kanuni ya mama yake (na kule kwa Che_Pampa, kwenye vos, ni bendecí).

Participio, yaani umbo kama dicho: predicho na contradicho wamemfuata mzazi. Bendecir na maldecir hawakumfuata, "ha bendecido", "ha maldecido". Bendito na maldito zipo lakini ni vivumishi: agua bendita ni maji yaliyobarikiwa, na "ese maldito ruido" ni ile kelele iliyolaaniwa inayokunyima usingizi. Huwezi kusema "el cura ha bendito el agua".

Kuhusu el qué dirán: ndiyo, ni futuro ya nafsi ya tatu wingi iliyovishwa el ikawa nomino. Kule "watu watasemaje" limegeuka kitu kinachoogopwa kwa jina: "le importa mucho el qué dirán", anajali mno watu watasema nini. Decir kina tabia ya kuganda hivi. Digamos inatumika kama "tuseme" yetu, tuseme una vitabu viwili, digamos que tienes dos libros. Es decir ni "yaani". Querer decir ni kumaanisha, kwa hiyo "¿qué quieres decir?" usiitafsiri neno kwa neno. Na decir que no ni kukataa, decir que sí ni kukubali.

Hiyo ya mwisho ndiyo nakupa kazi nayo. Geuza: "Alisema kwamba tungalimwambia mapema, asingalitukatalia." Tumia decir mara tatu, kila moja na umbo lake.

Fundi_Saa alijibu:

Naomba niingilie, Kalamu_Kavu atanisamehe: "Dijo que si se lo hubiéramos dicho antes, no nos habría dicho que no."

Na ile se lo ni kwa kuwa le lo hazikai pamoja, siyo?

Che_Pampa alijibu:

Siyo tu hazikai pamoja, haiwezekani kabisa: le au les ikikutana na lo, la, los, las inageuka se, bila kujali ni mtu mmoja au wengi. Nilimwambia, se lo dije. Niliwaambia, se lo dije pia. Ukitaka kutofautisha unaongeza a él, a ella, a ellos.

Sentensi yako iko sawa. Ukiwasikia wenyeji wakisema "no nos hubiera dicho que no", yaani hubiera pande zote mbili, nayo inakubalika, hata na RAE. Kwa hiyo kwenye -ngali- unaruhusiwa kurudia umbo moja kama kwetu, mradi liwe hubiera. Habría haikai upande wa si.